Kompyuta Mpya Iliyoguna na Masikio Yangu Yaliyosingiziwa

Mwaka 2019, mwanzoni mwa kiangazi, kompyuta mpya iliyoletwa chumbani mwangu ilianza kuguna, na watu watatu wenye akili zao wakaniambia kwamba kompyuta haina neno. Tatizo ni masikio yangu.

Sikukubali.

Ninaisimulia habari hii yote hapa mtandaoni kwa mkupuo mmoja, kwa sababu sipendi tabia ya kumkatia mtu hadithi njiani na kumwambia arudi kesho. Anayetaka kutoa maoni, karibu. Ila aandike maneno kamili.

Nilifundisha darasani hadi nilipostaafu. Baada ya hapo nikapata kazi niliyoipenda kuliko ile ya kwanza: kusoma vitabu kwa sauti kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Mimi ninasoma, kompyuta inarekodi, shule yao inapokea, wao wanasikiliza.

Kompyuta yangu ya zamani ilipokata roho, mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alifika Jumamosi moja amekumbatia boksi kubwa lililofungwa tepu pande zote.

"Mama, hii ni mpya kabisa," alisema. "Ukiiwasha utadhani haipo."

Mkwe wangu ni mpima ardhi. Ni mtu mpole. Hagusi kikombe cha chai mbele yangu mpaka nimkaribishe mara mbili. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikaliweka mezani lile kasha refu ambalo mafundi huliita sipiyu, nikalifunika kitambaa nilichokifuma kwa mikono yangu, nikawasha.

Mmmm-rrrr. Mmmm-rrrr.

Kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa.

"Mwanangu, hicho ni nini?"

"Kipi, Mama?"

"Hicho kinachonguruma."

Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi sisikii kitu, Mama."

Binti yangu alitokea jikoni akijifuta mikono. "Mama, ndio umri huo. Hata juzi ulisema bomba linavuja."

"Na lilikuwa linavuja."

"Kidogo tu."

"Binti yangu, kuvuja kidogo ni kuvuja."

Wakatazamana kama wazazi wanavyotazamana juu ya kichwa cha mtoto. Nikasikia binti yangu akimnong'oneza mumewe habari ya daktari wa masikio. Masikio hayohayo yaliyodaiwa kuwa mabovu ndiyo yaliyounasa mnong'ono huo.

Jumatatu tulilipeleka lile kasha dukani. Fundi wa pale wanamwita Bingwa. Sijui alimshinda nani. Alilibeba kasha, akalilaza ubavu juu ya meza yake ya kazi, akachomeka waya, akawasha.

Kimya.

Kimya kama maji mtungini.

"Umeona, Bibi?" alisema Bingwa. "Hii mashine haina noma. Iko poa."

"Nyumbani inanguruma."

"Labda nyumbani kwako kuna mzimu."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Bingwa alipoona amepata hadhira, akaongeza: "Masikio yakizeeka, Bibi, huanza kujipigia ngoma yenyewe."

"Yangu hayajawahi kupiga ngoma," nilimjibu. "Yalikuwa yakisikia darasa zima likinong'ona nyuma yangu, nami ningali ninaandika ubaoni, na yalijua ni nani aliyeanza."

Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa ameshika mlango, anatazama barabarani. Nikadhani ananionea haya.

Tukarudi nyumbani. Nikaliweka kasha mahali pake, nikawasha.

Mmmm-rrrr.

Nikajiambia: haya, watu watatu hawasikii, mmoja anasikia. Yawezekana kweli ni mimi. Nikaketi, nikasoma sura nne za kitabu cha jiografia cha kidato cha nne, sauti yangu ikishindana na nyuki. Nikazituma.

Mwalimu anayesimamia maktaba ya sauti katika shule ile alinipigia simu siku mbili baadaye. Ni mwanamke mwenye adabu, lakini hapindishi maneno.

"Bibi, sura nne zote zimekuja na nyuki."

Msomaji, sikuwahi kufurahi namna ile kwa kukataliwa kazi. Kinasa sauti hakina umri. Hakijawahi kumaliza hata darasa moja. Kama chenyewe kimesikia, basi kuna cha kusikiwa.

"Nitazirudia," nilisema.

"Tatizo ni muda, Bibi. Mtihani uko karibu na kitabu kizima kinatakiwa mwisho wa mwezi. Wenzangu wanasema tutumie ile programu inayosoma yenyewe."

Akanitumia mfano wake nisikilize. Mashine ile ilisoma Kiswahili kama mtalii aliyepotea njia. Ilitamka "ng'ombe" kwa kuikata vipande. Ilipofika "sura ya 4" ikasema "sura ya foo."

Watoto waingie kwenye chumba cha mtihani wakiwa na "sura ya foo" vichwani? Mimi ningali hai?

"Waambie wenzako hao wasubiri," nilisema. "Mwisho wa mwezi utakikuta kitabu chako mlangoni, kikiwa na sauti ya binadamu."

Nikakata simu, nikageukia kasha.

Bingwa alipoambiwa habari ya nyuki, alitoa maagizo kupitia kwa mkwe wangu. Kwanza alisema maikrofoni ni mbovu. Nikaichomoa. Nyuki yupo. Akasema ni spika. Nikazitoa. Yupo. Akasema ni meza inatetemeka. Nikatandika taulo lililokunjwa mara mbili. Nikazima feni ya dari, nikachomoa jokofu, maziwa yakaharibika. Yupo.

"Anasema ni kile kitambaa chako, Mama," binti yangu aliniambia kwenye simu. "Kinazuia hewa."

Hapo niliumia kidogo. Nilikiondoa.

Yupo.

"Sasa anasema umeme wa kwako mchafu."

"Mwambie nyumba hii haina kitu kichafu."

Nikachukua mwiko. Usicheke. Ncha ya mpini niliiweka sikioni, upande wa pili nikaugusisha kwenye kasha, kidogo kidogo, kama daktari anayepima kifua. Mbele: kimya. Juu: mguno wa mbali. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kwenye feni ndogo iliyofichwa ndani ya matundu: nyuki aliniingia moja kwa moja kichwani.

Basi, makazi yake niliyajua. Lakini kwa nini dukani ananyamaza?

Jibu lilikuja nikiwa ninafuta vumbi. Nilitaka kubadilisha taulo, na kwa kuwa nina mgongo wa mtu wa umri wangu, sikuzima wala sikunyanyua. Nililaza tu kasha ubavu.

Likanyamaza.

Nikalisimamisha. Mmmm-rrrr. Nikalilaza. Kimya. Nikaketi kitandani na kitambaa cha vumbi mkononi, nikapaona dukani kwa Bingwa kama picha: mtu analaza kila kasha linalofika, kwa sababu meza yake ndivyo inavyomruhusu. Hajawahi kuisikia kompyuta yangu ikiwa imesimama.

"Basi ilaze tu, Mama, yaishe," binti yangu alisema nilipompigia.

Nikajaribu, kwa ajili ya watoto wale. Nikaanza sura ya kwanza upya, mashine imelala, sauti safi kama asubuhi. Kabla sijamaliza sura, kompyuta ikazima yenyewe, ikanimezea kila nilichosoma. Kasha lilikuwa la moto kama sufuria.

Nikakata kipande cha uzi wa kufumia, nikakining'iniza mbele ya matundu ya feni. Kasha likisimama, uzi ulicheza. Kasha likilala, uzi ulining'inia kama kamba ya kengele isiyovutwa. Feni haikuwa kimya kwa sababu ni nzima. Ilikuwa kimya kwa sababu imekwama.

Nikavaa viatu vya kutokea.

"Mama, niache nilipeleke mwenyewe," mkwe wangu alisema, ameshafungua mlango wa gari. "Usijisumbue na jua hili."

"Tutakwenda wote."

"Mama, kweli—"

"Mwanangu, endesha."

Dukani palijaa. Bingwa aliponiona, alitabasamu kwa wateja kabla ya kunitabasamia mimi.

"Bibi wa mzimu. Umemleta leo?"

"Nimemleta. Washa."

Akalilaza kasha, akawasha. Kimya. Akanyoosha mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Nikatoa uzi wangu, nikauning'iniza nyuma ya feni.

"Huu uzi unafanya nini?" nilimwuliza.

"Haufanyi kitu, Bibi."

"Feni inayozunguka hutoa upepo. Upepo hupeperusha uzi. Sasa lisimamishe kasha."

"Bibi, hapa huwa tunalaza—"

"Haikununuliwa ije kulala. Isimamishe kama inavyosimama mezani kwangu."

Alilisimamisha.

Nyuki alipiga kelele iliyosikika hadi kwa muuza viatu wa jirani. Uzi ukaruka ukamgusa Bingwa kidevuni. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Hiyo hata mimi naisikia, na mimi ndiye kiziwi wa familia."

Watu walicheka, safari hii si mimi niliyechekwa.

"Fungua," nilisema.

Bingwa hakufungua. Alimtazama mkwe wangu. Mkwe wangu alitazama sakafu.

"Fungua, nimesema."

Alifungua. Ndani ya kompyuta mpya kabisa palikuwa na vumbi gumu la miaka, na feni yenye panga lililomeguka ncha. Kasha tu ndilo lilikuwa jipya.

"Bibi," Bingwa alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilifanya nilivyoombwa. Muulize mkweo."

Nilielewa kila kitu papo hapo, na nikaamua kutomwuliza mkwe wangu chochote mbele ya watu. Mume wa mwanangu havuliwi nguo dukani.

"Wewe sijakuuliza habari za mkwe wangu," nilimwambia Bingwa. "Ninakuuliza habari za masikio yangu. Waambie hawa uliowachekesha."

Akaligeukia benchi. "Masikio ya Bibi yako sawa."

"Kwa sauti. Nyuma huko hawajasikia."

"Masikio ya Bibi yako sawa."

"Sasa weka feni mpya. Mbele ya macho yangu. Na uijaribu ikiwa imesimama."

Garini mkwe wangu hakuwasha injini. Alishika usukani, akatazama mikono yake.

"Kazi za upimaji zimekauka tangu mwanzo wa mwaka, Mama. Sikumwambia mwanao—" akajirekebisha, "mke wangu, sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha kukuahidi mpya. Bingwa akasema kasha jipya linatosha, Mama hatajua."

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza uliisikia."

"Niliisikia, Mama."

"Ukaniacha nipangiwe daktari wa masikio."



Nilikuwa na hasira, sitaficha. Lakini hasira yangu haikuwa pale alipodhani ipo.

"Baba," nilimwambia, "ningeipokea hata kama ingetumika miaka kumi. Mimi mwenyewe nimetumika sana, na bado ninafanya kazi. Ulichokosea si kuninunulia kitu kikuukuu. Ulichukua akili yangu, ukaitumia kufunikia aibu yako. Ukiniambia mara tatu kwamba sisikii ninachosikia, mara ya nne nitaanza kukuamini. Hapo utakuwa umenizika ningali ninatembea."

Akafuta uso kwa kiganja. "Nitakulipaje, Mama?"

"Sura nne zangu zimepotea. Siku zilizobaki hazinitoshi kuzirudia na kumaliza kitabu. Utazisoma wewe. Na mkeo utamwambia ukweli leo, kabla ya chakula."

"Mama, mimi siwezi kusoma mbele ya watu."

"Huko hakuna watu. Kuna maikrofoni na mimi."

"Ndiyo maana ninaogopa."

Ninyi mnaosoma hapa, hasa mnaokaa na wazazi wenu, lishikeni hili. Mzee akisema anasikia kitu, simama alipo yeye usikilize kutoka hapo. Na wewe uliyezeeka, ukiambiwa umechanganyikiwa, usilie na usiombe radhi. Tafuta uzi. Pima. Kisha rudi ulikochekwa, tena mchana, watu wakiwa wengi.

Alimwambia mkewe. Walinuniana siku kadhaa, wakapatana; hayo ni ya kwao.

Jumamosi alikuja, amevaa shati la kazini lenye kola. Feni mpya ilikuwa kimya kweli. Sura ya kwanza aliisoma kama mtu anayehesabu mawe. Nilimrudisha nyuma mara nyingi, hakulalamika. Ya pili ilikuwa afadhali.

Sura ya tatu ilikuwa ya ramani na kontua, mistari inayoonyesha vilima na mabonde. Kitabu kilisema tu, "Tazama mchoro." Mkwe wangu akaacha kitabu, akasogea kwenye maikrofoni.

"Kunja ngumi, uiweke mezani," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Pitisha kidole cha mkono mwingine kuizunguka ngumi, chini kabisa, karibu na meza. Huo ni mstari wa kwanza. Panda kidogo, zunguka tena. Mstari wa pili. Ukifika kwenye vifundo vya vidole, mistari inagawanyika, kila kilele na mduara wake. Umeshika kilima."

Maneno hayo hayamo kitabuni. Kwa desturi yangu, mtu akitoka nje ya kitabu ninazima.

Sikuzima. Mkono wangu ulikuwa mezani, umekunjwa ngumi.

Jioni alifika mwisho wa sura ya nne, akavua miwani.

"Mama, nimemaliza deni?"

"Aya ya mwisho umemeza maneno mawili. Irudie."

Akavaa miwani, akarudia.