Mama Sweta na Saa Iliyotangulia

Jina lake la kwenye vyeti lipo, lakini limeshika kutu kwa kukosa kuitwa. Sote tunamjua kama Mama Sweta. Ni binti wa fundi redio aliyewakusanya majirani kibarazani mwake wasikilize habari za mbali, na mjukuu wa mpiga kengele ya shule, bibi ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya kuhusu saa. Mwenyewe ndiye aliyetambaa darini katika majengo yote ya chuo kikuu, akiishika kebo kwa meno pale mikono ilipojaa, mpaka ofisi ya mwisho kabisa ikapata mtandao. Sifa hizo hakupewa kwa upendeleo.

Sweta ni kwa ajili ya chumba cha mashine za kompyuta. Mle ndani kiyoyozi hakizimwi, na nje jua linaunguza mpaka lami inanata kwenye viatu, kwa hiyo mtu akimwona mama mzima anakatiza uwanja na sweta la buluu mchana kweupe, lazima aulize. Lilifumwa na dada yake mkubwa, yule mwenye mashine ya kusaga unga kule bondeni, karibu na mto.

Mashine za chuo zilipangwa kwenye kabati la chuma, zikivuma kama nyuki. Kwa kutoa matokeo ya mitihani hazikuwa na shida. Hesabu kubwa ndizo zilizozishinda. Kulikuwa na mwalimu mmoja, wanafunzi walimwita Daktari wa Mafuriko, aliyetaka kujua mto ukijaa maji yatapita wapi. Aliingiza vipimo vyake vyote, mashine zikavuma majuma na majuma, na jibu likatoka mvua zimeshakwisha.

"Jibu nimelipata," alimwambia Mama Sweta, "lakini maji yamenitangulia."

Mama Sweta hakucheka. Mwaka ule maji yaliingia kwa dada yake, unga wote ukawa gundi, na mota ya kusagia ikanywa matope.

Ndipo zikaja habari kwamba kuna kompyuta kuu ya taifa, iko mji mwingine, na vyuo vyote vitaungwa nayo viitumie kwa pamoja. Chuo kikiungwa mapema, hesabu ya Daktari ingekwisha kabla mvua nyingine hazijaanza. Kazi hiyo akapewa Mama Sweta na mwenzake aliyeitwa Kobe. Kobe hakuwa mvivu, jamani. Akishafika alifanya kazi ya watu wawili. Shida yake ilikuwa kufika.

Baadhi ya walimu waliingiwa na wasiwasi. Mmoja alimsimamisha Mama Sweta ngazini. "Tukijiunga nao, si watatunyang'anya mashine zetu?"

"Mashine hazihami, mwalimu," akamjibu. "Ni kama kufungua mlango wa uani ili jirani akusaidie kubeba kabati. Ukilifikisha, kabati bado ni lako."

Wakakagua kebo, wakapima, wakafunga vifaa vipya. Siku ya kujaribu ikafika, wakatuma kazi ya kwanza kwenye kompyuta kuu. Ikakataliwa. Wakatuma tena, ikakataliwa tena. Kobe akabadilisha kebo, Mama Sweta akabadilisha maneno ya siri, akazima na kuwasha mpaka vidole vikafa ganzi. Bado mlango ulikuwa umefungwa.

Kule kwenye kituo cha taifa kulikuwa na mhandisi waliyemjua kwa sauti tu, mtu mpole. Akapiga simu.

"Dada, sipendi kusema hivi, lakini kuna chuo kingine kinasubiri nafasi. Msipofanikiwa mpaka Ijumaa jioni, itabidi tuwaunge wao kwanza. Ninyi mtarudi baada ya mvua."

Baada ya mvua. Mama Sweta alikwenda nayo nyumbani hiyo "baada ya mvua", akala nayo, akanyamaza nayo. Mumewe, fundi cherehani, akamtazama juu ya miwani. "Mke wangu, leo umekaa kama nguo isiyo na vifungo."

"Mlango umekataa kufunguka, baba watoto."

"Basi muulize aliyeko ndani. Wewe unasukuma tu, yeye ndiye anayeona komeo."

Kesho yake, Kobe akiwa kando na simu ikiwa kwenye spika, akampigia mhandisi, akamwomba amsomee neno kwa neno kile ambacho kompyuta kuu inakiandika kila inapowakataa. Mhandisi akamweleza kwamba kila kazi inayotumwa inabeba kibali, na kibali kinagongwa muhuri wa saa kilipotolewa. Saa ikipishana sana na ya kituo, mlango haufunguki, maana huenda kibali ni cha wizi.

Akasoma, kisha akacheka. "Vibali vyenu vimegongwa saa ambayo bado haijafika. Mnaishi wapi huko, kesho?"

Kobe naye akacheka. Mama Sweta akainua macho, akaitazama saa ya ukutani.

Kila mtu chuoni alijua kwamba saa ile iko mbele robo saa. Aliitanguliza mkuu wa zamani wa chumba cha mashine, Mzee Dakika, ili mtu yeyote asichelewe mtihani. Mashine zote alizifungamanisha na saa hiyo, na kengele za ukumbini pia. Watu walishazoea. Ukipanga kukutana na mtu ulimwuliza, "Saa ya chuo au saa ya dunia?" na mambo yakaenda. Mzee alipostaafu, Mama Sweta aliiendeleza ile robo saa kwa mikono yake, kwa heshima, bila kuipunguza hata nukta. Ilikuwa imekaa muda mrefu mpaka hakuna aliyeiona.

"Si turudishe tu sasa hivi?" akasema Kobe. "Bonyeza, imekwisha."

"Watoto wako ukumbini wanaandika mtihani. Unataka kengele iwachanganye? Halafu hii saa ina mwenyewe."

Mkuu wa chuo alipoambiwa, alikubali palepale. "Mtihani wa mwisho ni Ijumaa asubuhi. Ukiisha, rudisheni. Ila nenda kamwambie mzee kwanza. Sitaki asikie barabarani."

Mzee Dakika alikuwa kibarazani kwake anapiga viatu rangi. Mkewe ndiye aliyemkaribisha mgeni. "Karibu, mwanangu. Sisi chakula cha mchana tumeshakula, wenzetu bado wanaosha vikombe vya chai. Unamjua mzee wako."

Mama Sweta akaamkia, akakaa, akaeleza. Mzee aliendelea kusugua kiatu kilekile ingawa kilishang'aa.

"Kwa hiyo umekuja kunizika nikiwa hai."

"Nimekuja kukuomba saa, mzee wangu."

"Hakuna mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa kuchelewa wakati wangu. Hakuna."

"Ni kweli, mzee."

"Na yule Kobe?"

"Kobe si mwanafunzi. Yeye huwa anaitoa ile robo saa kichwani, halafu anaongeza yake."

Mzee akaficha tabasamu. Mama Sweta akamweleza habari za Daktari, za mto, na za dada yake. Mkewe akadakia kutoka mlangoni, "Yule wa mashine ya kusaga? Unga wake ndio tunaokula humu ndani."

Mzee akaweka kiatu chini. "Niliwapa robo saa muwahi. Sasa ndiyo inayowachelewesha?"

"Huko wanatuona kama tunakuja na kibali cha kughushi."

Akafunga kopo la rangi. "Irudishwe. Lakini asiiguse mtu mpaka nifike."

Ijumaa alifika kabla mtihani haujaisha, koti limepigwa pasi, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Kobe aliingia anahema.

"Kobe, hata maziko ya saa unachelewa?"

"Shikamoo, mzee. Nilifuata saa ya dunia."

Kengele ya mwisho ikalia, watoto wakatoka ukumbini kwa kelele. Kobe akashika kiti, mzee akapanda, akafungua kioo na kuurudisha mshale kwa kidole kimoja, polepole, kama anayemrudisha mtoto kitandani. Mama Sweta akarekebisha mashine kongwe inayoziongoza nyingine, akaziwasha upya moja baada ya moja. Alipomaliza, jioni ilikuwa inaingia. Akatuma kazi ya Daktari, akiwa na simu sikioni.

"Subiri," akasema mhandisi. Vibonye vikasikika vikigongwa. "Mmeingia. Mko kwenye foleni."

"Foleni?" akauliza mzee. "Nimerudisha saa yangu ili mkapange foleni?"

"Foleni ya huko inatembea, mzee," akasema Mama Sweta, na akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Ilitembea kweli. Ramani ya maji ilitoka jua likiwa bado kali, na Mama Sweta aliipeleka bondeni mwenyewe. Dada yake alinung'unika njia nzima wakati fundi cherehani na majirani wakiipandisha mashine ya kusaga kilimani. "Wewe na sweta lako mnanihamisha kwangu." Mvua zilipokuja, maji yakaingia kwenye kibanda kitupu kama mteja aliyekuta duka limehama. Sisemi ramani ilipatia kila kitu. Uwanja wa mpira ulichorwa mkavu ukageuka bwawa, na Daktari akaonekana humo na mabuti ya mpira, anapima upya. Lakini safari hii alikuwa na mahali pa kupeleka vipimo vyake.

Sasa kituo cha taifa kimemwomba Mama Sweta azunguke kwenye vyuo ambavyo bado havijaungwa. Asubuhi ya kuondoka alimkuta Kobe mlangoni, amewahi, nadhani kwa woga. Akamtolea funguo mfukoni.

"Kazi yako ni moja kabla ya zote. Ukifungua tu, linganisha saa yetu na ya kituo. Ikipishana, irekebishe kabla hujavua hata kofia. Usiitangulize kwa kumwonea mtu huruma, usiicheleweshe kwa kujionea huruma."

"Mimi, dada? Mimi ndiye wa kutunza saa?"

"Wewe ndiye unayejua uchungu wake."

Kobe akazipokea funguo kwa mikono miwili. Akaingia, baridi ikampiga, akatazama nyuma.

"Na sweta je, huniachii?"

"Hilo lina mwenyewe. Kafumiwe lako."