Fundo Jeupe la Bosi

Wifi yangu alikuwa anauza ngozi za ng'ombe, za mbwa kutafuna, na kama unadhani hiyo si kazi ya kumpandisha mtu mabega, basi hukumjua wifi yangu. Unafika kibandani kwake, mlango wa pili kutoka buchani, hela yako mkononi, naye hakuulizi unataka ya shilingi ngapi. Anauliza mdomo wa mbwa wako una upana gani. Ukimwonyesha kwa vidole anakwambia nenda kamlete mwenyewe. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Wifi, huyu kaja kununua au kaja kuposa?"

"Nyamaza wewe. Kwa mdomo huo ndiyo maana ulichelewa kuolewa."

Alikuwa mke wa kaka yangu, na tulitaniana hivyo tangu siku ya harusi yao. Watu wasiotujua walidhani tunagombana.

Ngozi alizichukua machinjioni zikiwa mbichi. Alizikwangua mafuta kwa kisu butu, akaziosha kwa maji matupu, akazianika kwenye waya nyuma ya kibanda wiki nzima. Hakutia chokaa, wala dawa ya kung'arisha, wala manukato. Zikishakauka zilikuwa za kahawia, ngumu, na kusema kweli zilikuwa na sura mbaya. Wateja walimwambia mbona za madukani ni nyeupe, zimefungwa mafundo kama mfupa, zinapendeza. Hapo ndipo alipopandisha mori. Alikuwa na bilauri ya maji pale mezani. Anatumbukiza kipande cha dukani, anakwambia kaa usubiri. Baada ya muda maji yanageuka meupe na fundo linaanza kulegea.

"Hili likikatika linakwenda zima zima kooni," anasema. "Chukua kipande kimoja kinene, kisichokunjwa, kirefu kuliko mdomo wake. Kikibaki cha urefu wa kidole, usimwache nacho."

Halafu linakuja swali lenyewe: mbwa wako akiwa na kitu mdomoni, ukimwomba anakuachia? Ukisema hapana, hakuuzii. Nimemwona akiwarudisha watu wanne asubuhi moja, na siku hiyo alikuwa hajauza hata kimoja.

Sasa kichekesho ni kwamba mbwa wake mwenyewe alikuwa haachii.

Kaka yangu alikuwa mlinzi, na yule mbwa alikuwa akienda naye lindo. Alimwita Bosi, eti kwa sababu kazini yeye ndiye aliyekuwa akiamua. Kaka alisema "leta" mara moja tu, kwa sauti ya chini, na Bosi anamwekea kitu kiganjani. Mtu mwingine akijaribu, ananguruma. Wifi na Bosi hawakuwa marafiki hata kidogo. Walikuwa wanamgombea mtu mmoja. Kisha kaka akaugua kifua, akafa, na katika nyumba ile isiyo na mtoto wakabaki wao wawili wanatazamana.

Miezi ile ya kwanza wifi alikuwa haamki. Nasema haamki, yaani unaingia saa sita mchana unamkuta na khanga ile ile ya jana, amegeukia ukuta. Aliyekuwa akimtoa kitandani ni Bosi, kwa sababu mbwa lazima anywe maji, lazima afunguliwe mlango. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nilijua kabisa kwamba yule mbwa akiondoka, wifi naye ataondoka, hata kama atakuwa bado anatembea.

Akaanza kumfundisha. Kila akifunga kibanda anampa kipande cha ngozi, anakaa naye chini sakafuni, kisahani cha ini kando yake. Hamgusi. Anasema "leta," anasubiri. Bosi ananguruma, yeye anasubiri. Bosi akiangusha ngozi ili apate ini, wifi anaikanyaga kwa mguu, basi, somo limekwisha. Miezi minane!

"Ukimnyooshea mkono anameza," aliniambia sijui mara ngapi. "Anaona unataka kumpora, kwa hiyo anawahi."

Mimi nilikuwa naitikia ehee, ehee, huku nasugua sahani.

Siku moja akanijia mbio mpaka kazini kwangu, nafua mashuka ya hoteli, mvuke umejaa chumba kizima. Analia na kucheka kwa pamoja. "Kaachia bila ini! Nimesema leta tu, kaniwekea hapa!" Akanionyesha kiganja, bado kina mate.

Nikamwambia, "Basi fungeni ndoa." Akanipiga kofi la mgongo, tukacheka mpaka msimamizi akachungulia.

Wiki ile ile mama yake akashikwa na presha, ikabidi asafiri siku mbili. Akaniachia Bosi. "Maji, na wali na nyama. Ngozi nimezifungia kabatini, usimpe kitu cha kutafuna mpaka nirudi."

Nikanuna. Kunifungia kabati mimi! Mimi niliyezaliwa tumbo moja na mwenye mbwa! Hasira zangu ziko puani, kila mtu anajua, na siku hiyo nzima nilikuwa naongea peke yangu kule kufulia.

Siku ya pili Bosi hakula. Alilala langoni ameelekeza pua barabarani, kama alivyofanya alipofariki kaka. Moyo uliniuma, uliniuma kweli, lakini nisijisafishe: hasira nayo ilikuwemo. Wakati wa mapumziko nikapita supamaketi, nikachukua mfupa wa ngozi, mweupe pe, fundo huku na fundo huku, ndani ya karatasi inayong'aa yenye picha ya mbwa katoa ulimi. Nikachagua mdogo kwa kuwa ulikuwa mzuri kushika. Kila alichokuwa akisema wifi nilikijua. Nilikijua na nikalipa.

Nikampelekea pale langoni. Bosi akaupokea, akatikisa mkia. Jamani, tangu kaka afe, mimi sikuwahi kutikisiwa mkia ule. Nikaketi kizingitini na chai yangu, napanga maneno ya kumsuta wifi akirudi: umeona, dawa ya mbwa ni upendo, si bilauri.

Fundo likakatika. Nililisikia likilia ka! Nikaliona limekaa juu ya ulimi wake, anajaribu kulipata kwa meno. Nikaruka, chai ikamwagika, nikasema "Leta!" kwa ukali, na nikanyoosha mkono.

Akawahi.

Hakubweka. Alijikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, macho yamemtoka, akazunguka, akaanguka. Nilimtia vidole kooni, nikaligusa, likateleza. Mbwa yule, asiyeguswa mdomo na mtu, alinitazama tu na hakuning'ata. Hilo ndilo linalonimaliza mpaka leo. Fundi baiskeli wa jirani alimbeba kwenye toroli, tukakimbia mitaa mitatu mpaka kwa daktari wa mifugo, mimi pembeni nimemshika kichwa. Daktari alilitoa fundo kwa koleo refu. Alilitoa, lakini Bosi alikuwa ameshakata roho.

Wifi nilimpigia simu mwenyewe. Alifika alasiri na mkoba wake begani, akasimama mbele ya ile meza ya bati. Alilitazama fundo kwenye kisahani, limevimba kama kitunguu. Hakuuliza nimelitoa wapi.

"Ulimnyooshea mkono?"

"Nilinyoosha."

Akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa ameshaanza kuachia," alisema. "Alikuwa anaelewa sasa."

Nikamwambia nitukane, wifi. Nipige hapa hapa mbele ya daktari. Nilimwomba kweli, nimepiga magoti, aproni ya kufulia bado nimeivaa. Yeye alikuwa anamfuta Bosi mate kwa ncha ya khanga, kwanza upande huu wa mdomo, kisha upande ule. Nadhani hakunisikia.

Tulimzika nyuma ya nyumba, yeye na fundi baiskeli. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapokelea majembe.

Nikakaa wiki tatu naogopa kwenda. Simu alipokea, alijibu mzima, salama. Siku nilipopiga moyo konde nikaenda, nilimkuta kibandani anapanga vipande mezani, vikubwa huku, vidogo kule. Amekonda. Nikasimama pale ninaposimama siku zote, nikasubiri anianze, hata neno moja baya, niko tayari.

Akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa upole, hivyo unavyomtazama mtu yeyote aliyesimama dukani kwako.

"Karibu, dada," akasema. "Nikusaidie nini?"