Mugomba Tuliozika, na Jioni ya Bulvari

Nikiwa mutoto, nilikula maharagi ya mwalimu. Aliyaanika kwa mbegu, mie nikayachota, nikayapika na rafiki zangu. Alinifukuza mwaka wa pili na sikurudia masomo. Ndiyo maana pesa ya shule ilimufuata mudogo wangu Uvon. Yeye alifika darasa la sita, akajua kupanga herufi ku mbao, akakuwa muchoraji wa vibao vya maduka. Maharagi yangu, kumbe, ndiyo yalimutia mu hatari.

Maana vita ilipofika kwetu Mahagi, wenye bunduki walimutuma aandike jina la kundi lao ku ukuta wa soko. Uvon akakimbia na rangi yao. Kila juma walikuja kumuuliza baba. Kisha tukasikia aliuawa njiani. Kwetu, mutu akikufa na maiti haionekani, tunazika mugomba wa ndizi fasi yake. Baba alikwisha kuukata. Mama akanishika shati.

"Kwanza enda Bunia uangalie. Kama iko muzima, utamuona ku bulvari, ile barabara kubwa ya katikati."

Alisikia kwamba kule, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, bunduki zikinyamaza, watu wote wanatoka.

Alfajiri ya Ijumaa nikaondoka. Njia ya Djugu ilifungwa, basi nikapita ziwani na mutumbwi wa motere, ule wa injini, juu ya magunia ya samaki wa chumvi. Mie naogopa maji. Nilifunga macho mpaka Kasenyi. Kutoka pale kamio, lori ya mizigo, ikatupandisha mulima. Ku kila kizuizi tulishuka, mikono wazi.

Saa kumi ya jioni, Jumamosi ile, nikafika Bunia. Nyumba zingine hazikuwa na mabati, lakini bulvari ilijaa. Mafundi wa kushona walitoa mashine inje, wachoraji walitundika picha ku kuta zenye matundu ya risasi, gitaa zililia, mishikaki ya mbuzi ilitoa moshi. Mama mumoja wa mutaa wa Nyakasanza, aliyeuza sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, alinipimia sahani.

"Usifikiri tunakuja kula tu, muzee. Tunakuja kuangalia nani amebaki."

Nilizunguka mara tatu. Mara nikaona kibao kipya cha kinyozi: kichwa chenye sikio moja kubwa kama jani la malenge. Sikio hilo ni la baba yetu. Uvon hajui kuchora lingine.

Uvon alikuwa nyuma ya kibao, analamba mafuta ku vidole. Nikakaa mu vumbi, nikalia. Nilipomuelezea habari ya mugomba alicheka, kisha akasema:

"Yaya, mukubwa wangu, muuzike huo mugomba."

"Na weye uko hai?"

"Wakiona kaburi, watamuacha baba. Umwambie mama tu. Baba hajui kudanganya."

Tukakula mishikaki mpaka saa ya kila mutu kuingia nyumbani.

Siku ya tatu nilifika Mahagi, nikamunong'oneza mama jikoni. Kesho yake tukazika. Wenye bunduki walikuja, wakavua kofia. Mama alifunika uso na kitenge, mabega yakitikisika mpaka wanawake wakamushika. Mie peke yangu nilijua ni kicheko.

Mujomba aliniuliza sababu gani silii. Nikasema machozi yangu yaliishia Bunia, na haikuwa uongo. Nikaweka jembe chini, nikaondoka. Ku kaburi ile sikurudia tena.