Aliyenishikia Waya Kule Malvern

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Niliwahi kumsimulia jamaa mmoja kisa hiki, akaniuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Sikunywa kitu. Tena haukuwa usiku, ilikuwa mchana mweupe, na mkononi nilikuwa na bisibisi.

Mimi ni fundi wa umeme na mitambo ya kupasha nyumba joto. Nimezaliwa Tanga, naishi Rexdale, mtaa wa Toronto huku Kanada, na Waswahili wa hapa wakiharibikiwa na kitu wakati wa baridi, simu inalia kwangu. Ndivyo nilivyofahamiana na Bi Shamsa wa Malvern, upande wa pili wa mji, mjane wa kwetu Tanga, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe yuko Calgary, mji wa mbali huku huku Kanada, na alikuwa akimshinikiza ahamie kwake. Bi Shamsa hataki kabisa. "Kule nitawekwa chumbani kama mzigo," aliniambia. "Wajukuu wenyewe nikiwasemesha wananijibu Kiingereza." Basi mwana akatoa sharti: jiko likizima tena baridi hii, anakuja kumchukua mama yake.

Jiko lenyewe si la kupikia. Ni la kupasha nyumba, linakaa besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na linakula vipunje vya mbao iliyosagwa, ukiviona utadhani chakula cha kuku. Sebuleni ukutani kuna themostati, kile kidude kinachopima joto la chumba. Chumba kikipoa, kinaliamuru jiko liwake, kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili unaoshuka mpaka chini. Sasa jiko la Bi Shamsa lilikuwa kigeugeu. Linawaka vizuri, halafu linazima lenyewe katikati ya baridi, halafu linawaka tena kama halikufanya kitu. Hakuna ubovu unaomchosha fundi kama huo, maana wewe ukifika tu, jiko linashika adabu.

Kwanza nilibadilisha themostati. Likazima tena. Nikarudi, safari hii nikaunganisha skrubu mbili za nyuma ya jiko, pale waya wa themostati unapofungwa, kwa kipande cha waya, kana kwamba themostati haipo. Likawaka mchana kutwa bila kusumbua. Maana yake nini? Jiko ni zima, themostati ni mpya, basi mgonjwa ni waya uliopita ukutani. Nikamwambia Bi Shamsa kwamba nitakuja kuupima. Alinitazama kama mtu mwenye jambo mdomoni. Nikamuuliza, "Kuna nini, mama?" Akasema hakuna kitu.

Siku ya kupima, yeye alikuwa na miadi kliniki, akaniachia nyumba. Kazi ile hasa ni ya watu wawili. Mmoja anakaa juu anagusanisha ncha mbili za waya, mwingine yuko chini anasikiliza mita, kile kipimo cha umeme. Ncha zikigusana mita inalia, zikiachana inanyamaza. Mimi nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilizisokota ncha za juu kwa koleo, nikashuka, nikajilaza nyuma ya jiko na mita yangu. Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza.

Ndipo niliposikia kwenye mlango wa ubavuni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Hebu niambie ukweli wako. Umekaa ugenini miaka na miaka, kila mtu anabonyeza kengele, halafu unasikia hodi iliyonyooka namna ile, ya kwetu kabisa. Ungefanya nini? Mimi nilifurahi. Nikapaza sauti kule kule chini, "Karibu! Pita ndani, niko besmenti!"

Hatua zikapita jikoni juu ya kichwa changu. Sauti ya mwanamume ikaniuliza habari za kazi. Nikadhani ni ndugu wa Bi Shamsa, na nikaona bahati hiyo nisiiache. "Ndugu yangu, nisaidie. Nenda sebuleni pale ukutani, kuna ncha mbili za waya. Zifungue, halafu uzigusanishe nikikwambia."

"Haya, fundi."

"Shika!"

"Nimeshika." Mita ikalia.

"Achia!"

"Nimeachia." Mita ikanyamaza.

Alikuwa msaidizi mzuri kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Baadaye akashuka ngazi. Kutoka pale nilipolala niliona miguu tu. Alivaa kandambili, na alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Huko nje theluji ilikuwa inafika magotini. Utaniuliza kwa nini sikushtuka. Sijui! Nadhani fundi akishaukaribia ubovu haoni kitu kingine.

"Tazama nyuma ya ngazi," akasema taratibu. "Pale pini ilipoubana."

"Umejuaje?"

"Nimekaa nao sana huo waya."

Nikajikokota kutazama. Kweli bwana, pini ya kushikilia waya ilikuwa imepigiliwa kwa nguvu, imechubua plastiki na kuukata uzi mmoja nusu. Mbao zikisinyaa kwa baridi, uzi unaachana. Zikipata joto, unagusana. Nikakikata kipande kile, nikaunga kipya. Nilipogeuka kumshukuru, sikuona mtu. Nikapanda sebuleni. Zile ncha mbili zilikuwa zimesokotwa vile vile nilivyozisokota mimi, na alama za koleo langu juu yake. Nikafungua mlango wa ubavuni. Theluji ilikuwa shwari, haina hata unyayo mmoja.

Bi Shamsa aliporudi nilimpa kwanza habari njema, kwamba ubovu nimeupata. Alinishika mikono kwa furaha. Kisha nikamuuliza yule jamaa wa kandambili ni nani wake. Akaketi na koti lake mwilini.

"Ulimjibu?"

"Nilimkaribisha, mama."

"Ulimkaribisha ndani ya nyumba yangu?"

Ndipo akanieleza. Tangu baridi ianze alikuwa akiisikia hodi ile, akichungulia dirishani haoni mtu, naye hajibu, maana asiyekaribishwa haingii. Kila akinyamaza, jiko linazima. Hakumwambia yeyote, kwa sababu mwanawe angesema mama amechanganyikiwa, na hapo angehamishwa bila hata kuulizwa. Wakati anaeleza, jiko lilikuwa linawaka kwa utulivu chini yetu, nyumba imejaa joto. Jioni ile ile akampigia mwanawe simu. "Njoo unichukue," alisema. Niliumia sana. Mwanamke aliyekuwa ameng'ang'ania nyumba yake namna ile, sasa anakunja kanga zake mbele yangu.

Wiki kadhaa baadaye mwanawe aliniomba nikahakikishe kila kitu kimezimwa. Plagi ya jiko waliichomoa siku walipoondoka. Nilikwenda mchana, na nilipofungua mlango joto likanipiga usoni. Nikashuka, nikaligusa jiko: baridi, tupu, plagi imelala sakafuni. Sikupima kitu. Nikatoka, na pale mlangoni, kwa mazoea tu ya kwetu, nikasema, "Haya, kwaherini."

Sauti ikanijibu kutoka sebuleni, kwa upole, kama ya mwenye nyumba yeyote: "Karibu tena."

Mpaka leo najiuliza alikuwa nani na alitaka nini. Kama alikuwa mbaya, kwa nini alinionyesha pini? Nikipita Malvern napunguza mwendo, natazama madirisha, kisha naondoka. Bi Shamsa hunipigia kila Idi kutoka Calgary, anauliza nyumba yake ikoje. Namwambia ni salama, na moyo unaniuma.

Nawe uliye ugenini, ukisikia hodi ya kwetu, usikimbilie kufurahi kama mimi. Inuka, nenda mlangoni, uone uso kwanza. Usipouona, nyamaza, hata kama jiko litazima na utalala na baridi.