Daktari wa Miji na Nyonga ya Kaka Yake

Ofisini walimwita Daktari wa Miji, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kukagua hesabu za halmashauri za miji, kisha kuandika mji upi mzima, upi unaumwa, na upi wa kuombewa dua tu. Mabenki yalikopesha kwa kufuata alichoandika. Mama huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, na rushwa hakuwahi kuigusa. Ukimletea soda tu wakati wa kazi, anakulipa.

Mwaka huo akapewa mji wake mwenyewe, maana wenzake wote walikuwa wameukwepa. Alilalamika weee, lakini nani amsikilize?

Ujanja wa mweka hazina wa mji aliubaini asubuhi ya kwanza. Siku ya kufunga mwaka, akaunti ya mji ilikuwa imenona. Yeye hakuishia hapo, akaomba taarifa ya benki ya siku iliyofuata. Loo! Akaunti nyeupe pee. Fedha zile zilikuwa za idara ya maji, zimeazimwa ili mkaguzi azione, kisha zikarudishwa kwao.

"Dada, hata wewe ukienda kupiga picha si unaazima hereni?" mweka hazina akacheka. Kisha kicheko kikamkauka. "Tupitishe. Tukipita benki inatukopesha, nami naanza na wastaafu. Ukituangusha, hakuna atakayepata kitu. Na wewe si una mtu wako pale?"

Alikuwa naye. Kaka yake alikuwa mzimamoto wa mji huo tangu ujana, mpaka paa la ghala moja likamwangukia na kumvunja nyonga. Wakamstaafisha kwa maneno matamu, kiinua mgongo wakamwambia asubiri. Sasa alikaa kwa dada yake, chumba cha nyuma, akijikokota kwa magongo hadi chooni huku ameuma meno. Hospitali ilikuwa tayari kumpasua, ila ilitaka fedha kwanza. Na mshahara wa mkaguzi, msione mkoba na viatu vya kung'aa, haukufika hata nusu.

Jioni akamweleza kaka yake yote, bila kuficha. Alitumaini, masikini, kwamba ataambiwa aandike ukweli, maana ndiye aliyemlea na kumchapa kila aliposema uongo.

Kaka yake akautazama ukuta. "Mdogo wangu, wapitishe."

"Kaka, huo mji umeshakufa, wanauvalisha nguo tu."

"Najua. Nimechoka kutambaa. Wapitishe."

Basi akawapitisha. Akaandika kwamba mji una afya ya wastani, akasaini. Mtu aliyekuwa akilipia soda, jamani!

Mkopo ukatoka kweli. Akampigia mweka hazina, mara simu inaita bure, mara imezimwa, hadi akamfuata ofisini. Akamkuta ameegemea meza, uso umemshuka.

"Benki imekata deni lake la zamani humo humo," akasema. "Kilichobaki kinaishia kwenye posho za madiwani."

"Na wastaafu?"

"Dada, tuliweka rehani jengo la mfuko wao, lile lililokuwa likiwapa kodi ya pango. Bila rehani nani angetukopesha? Nao wastaafu wakakubali kwa sababu wewe ulisema tuna afya."

Hakumtukana. Angemtukana kwa mdomo upi? Akatoka, akapita katikati ya wastaafu waliokaa kwenye ngazi. Mzee mmoja akamshika mkono, akamwita mwanangu, akamshukuru, kwa kuwa walisikia mji umepita. Akauchomoa mkono wake taratibu, akashuka ngazi.

Nyumbani alimkuta kaka yake amenyoa ndevu, amevaa shati safi, begi la hospitali liko mlangoni.

"Redio imesema mkopo umetoka," akasema, akijaribu kuinuka bila magongo. "Tunaenda kesho?"

"Kaa kwanza, kaka," dada yake akamwambia, na kaka yake akaelewa kabla hajamaliza kukaa.