Ndege Haisubiri Kujaa

Salum Kibwana ni jirani yangu hapa Mafiga, ukuta kwa ukuta, na kazi yake ni kuwaambia watu kwamba gari linaondoka. Gari lenyewe haliendeshi, halimiliki, wala hakatishi tiketi kwenye kile kibanda chenye feni. Husimama mlangoni pa basi la Dar pale stendini, amevaa fulana ya kampuni ambayo haijawahi kumwajiri, na kutangaza kwamba imebaki siti moja. Watu humwita mpiga debe. Yeye hujiita wakala wa safari. Ukipanda ukakuta siti thelathini tupu, atakuambia wenyewe wameshuka kununua maji.

Mimi nina kinyongo naye. Aliwahi kuniingiza kwenye basi lililokuwa "linatoka sasa hivi", nikiwa na ndoo ya samaki wa kukaanga nawapeleka kwa dada yangu Chalinze. Tulikaa mle ndani mpaka samaki wakaanza kututangaza kwa abiria wenzetu. Nilipomlalamikia siku ya pili, alinishangaa kwa dhati kabisa. "Si ulifika lakini, dada?" akasema. Kwake yeye safari haina kuchelewa, ina kufika tu, na hakuna dereva mwenye akili timamu anayeondoka na siti wazi.

Basi mtu huyu ndiye aliyekuwa akijigamba mtaa mzima kwamba hajawahi kuchelewa shughuli ya maana. Haharakishi, hatazami saa, na bado hufika wakati uleule jambo linapoanza. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa maziko ya shemeji yake kule Mkuyuni, mume wa dada yake Mosi. Aliingia uani akipangusa vumbi, na papo hapo jeneza likanyanyuliwa. Hadithi hiyo tumeisikia kwenye misiba mingine yote iliyofuata. Mkewe Maimuna, kila inapofika hapo, hunyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Mwaka jana Sabra, binti wa Mosi na marehemu huyo, akapata mchumba. Sabra alikwenda Uturuki kusomea uuguzi, akamaliza, akabaki hukohuko Izmir kufanya kazi, na mchumba mwenyewe ni Mturuki. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Sheikh anaweza kumaliza yake yote, lakini mjomba asiposimama mbele ya watu akatamka kwamba binti ametoka kwa idhini ya ukoo, Mosi ataiona ndoa hiyo kama nguo isiyokunjwa pindo. Na mjomba ni mmoja tu, Salum. Kwa hiyo Sabra alimtumia tiketi ya kuunganisha: Dar mpaka Addis Ababa, Addis mpaka Istanbul, Istanbul mpaka Izmir. Harusi ni Alhamisi jioni, akasema. Mjomba angefika Jumatano, alale, aoge, atamke.

Mosi alitangulia wiki mbili kabla. Alikataa katakata kusafiri na mdogo wake Salum, akidai ana mambo ya jikoni ya kuwahi, ingawa chakula cha harusi kilikuwa kinapikwa na hoteli.

Salum aliondoka Morogoro kwa basi. Treni ya umeme haipandi. Anasema haina adabu, inaondoka huku watu bado wanakuja, na tangu ianze imemharibia soko. Mwanawe Yusuph alimfikisha hadi mlangoni pa uwanja wa ndege, akamkabidhi begi lenye mdalasini na pilipili manga za Mkuyuni, akampa mkono. Kuanzia hapo alikuwa peke yake, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dodoma.

Addis alikaa vizuri karibu na mlango alioelekezwa, akiutazama kwa jicho la kazi. Watu wakaanza kupanga mstari. Salum hakupanga. Aliwaonea huruma, kwa sababu anawajua abiria wa namna hiyo. Ndio anaowapandisha yeye wa kwanza ili basi lionekane lina watu. Mstari ukaisha. Sauti ya mwanamke ikatangaza kwamba huo ni mwito wa mwisho. Kiingereza chake si kingi, lakini "last call" anaijua, ipo hata kwenye fulana yake. Akatabasamu.

Kisha sauti ile ikalitaja jina lake. Pasenja Salum Kibwana, pasenja Salum Kibwana. Hapo, ananiambia, moyo ulimshtuka kidogo, halafu akatulia, maana kuita mtu kwa jina ni ujuzi wa juu kabisa katika fani yao. Yeye mwenyewe humuuliza mama jina lake akiwa bado ananunua machungwa, kisha humwita kwa sauti kama vile dereva anamlilia. Alichofanya ni kuchungulia dirishani. Ndege ilikuwa pale pale, imetulia, haijawasha hata taa alizoziona za maana. Haijajaa, akajiambia. Akaenda kununua chai.

Aliporudi na kikombe, mlango ulikuwa umefungwa na dada wa zamu anazima kompyuta. Salum akamwonyesha tiketi. Dada akamwonyesha dirisha. Ndege ilikuwa inarudi nyuma taratibu, na mpaka leo kilichomuuma zaidi si kuachwa, ni kwamba imeondoka na siti wazi. "Yangu," huniambia, akijigonga kifua. "Waliiona iko wazi, wakaondoka nayo."

Alimpigia Sabra kwa WhatsApp, mtandao wa uwanja ukikatakata. Sabra hakupandisha sauti. "Usijali mjomba," akasema. "Nenda kaunta wakupangie ya kesho. Sisi tupo." Salum aliuchukua utulivu ule kama adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri, inayoficha machozi. Alilala kwenye viti vya chuma akikumbatia begi la mdalasini. Ilikuwa bado Jumatano. Kama angeunganisha vizuri, Alhamisi mchana angekuwa Izmir.

Istanbul alishuka mtu mwingine kabisa. Sasa aliamini kila kitu. Uwanja ule ni mkubwa kuliko mji wetu wote na Kihonda juu yake, na kila mara sauti ikitangaza mwito wa mwisho, Salum alisimama. Ikitangazwa mara ya pili, alikimbia. Alikimbilia ndege ya watu wa Baku, akasukumwa kwa upole kutoka mstarini. Alikimbilia ya watu wa Oslo. Hakuwa na habari Oslo iko wapi, lakini mwanamke alikuwa anaita kwa uchungu, na yeye alishajifunza kwamba huku wakiita wanamaanisha. Alipopanga mstari wa tatu, kijana wa Kisomali aliyekuwa mbele yake, mwenye Kiswahili cha Nairobi, aliisoma tiketi yake akamwambia, "Mzee, hii yako iliondoka ukiwa hapa hapa na sisi."

Kijana huyo, Abdi, alimpeleka kaunta na kumtafsiria. Ndege zote za mchana zilikuwa zimejaa. Zimejaa kweli, Salum aliuliza, au zimejaa za kusema? Abdi akamwangalia, akaamua kutoitafsiri hiyo. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya Alhamisi saa moja jioni, yaani saa ileile ambayo Salum alijua watu wanakaa ukumbini. Kisha hata hiyo ikasogezwa mbele. Akasimama kaunta kuuliza lini, na dada wa pale akamjibu kwa Kiingereza kwamba muda si mrefu. Alisema akitazama pembeni kidogo ya sikio la Salum, uso umetulia, tabasamu la nusu. Salum aliujua uso ule. Alirudi kukaa bila kuuliza tena, kwa sababu alijua kwamba mwenye uso ule hajui lolote.

Kwa muda wote huo alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na hotuba ya mjomba, nzuri, aliyoitunga kwenye basi, yenye mababu na milima na mto ndani yake. Sasa alitunga nyingine, ya kuomba radhi. Jua lilipozama huko nje ya vioo vile vikubwa, alijua kwamba Sabra ameketi mbele za watu wageni, sheikh mgeni, wakwe wageni, na upande wake wamekaa mama yake na kiti kitupu. Salum hana binti. Sabra alikuwa akimpelekea uji stendini alipokuwa mtoto, baba yake alipoanza kuumwa na wakahamia kwetu Mafiga kwa matibabu, na Salum alimfundisha kuhesabu kwa kuhesabu abiria. Anasema alilia pale uwanjani, kwa kwikwi, na mama mmoja wa Kituruki akamletea tishu na biskuti. Alizila zote. Hili la biskuti ameliongeza Maimuna, na Salum hakulikanusha.

Alifika Izmir Ijumaa asubuhi. Alipotoka na begi lake aliwaona palepale, Sabra na Mosi, wamesimama nyuma ya kamba. Hakusubiri hata kusalimiwa. Aliliacha begi chini, akamshika Sabra mikono yote miwili, akaanza ile hotuba ya radhi: kwamba ameuaibisha ukoo, kwamba marehemu baba yake Sabra angekuwa hai asingemtazama usoni, kwamba kauli ya mjomba ikitolewa baada ya ndoa ni sawa na kumtakia mtu safari njema akiwa ameshafika. Watu walikuwa wanapita na matoroli wakiwakwepa.

"Shikamoo mjomba," Sabra akasema alipopata upenyo.

"Marahaba, mwanangu, ingawa sistahili." Ndipo macho yake yakateremka kwenye mikono aliyoishika. Haikuwa na hina. Hata kucha zilikuwa vilevile, fupi, za muuguzi. Bibi harusi wa jana hawezi kuwa na mikono ya namna ile.

"Imevunjika?" akauliza polepole. "Wamekuacha kwa ajili yangu?"

Mosi ndiye aliyejibu, kwa sababu Sabra alikuwa anauma mdomo. "Harusi ni Jumapili, Salum."

Anasema alicheka kwanza. Alicheka kwa furaha, akamkumbatia dada yake, akamkumbatia mpwa wake, na hata kuiambia nchi ya Uturuki kwa jumla kwamba yeye ana saa ndani ya damu, ameachwa na ndege mbili na bado amewahi. Kisha, ghafla, akawaachia. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mliniambia Alhamisi."

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa nini mliniambia Alhamisi?"

Sabra alimtazama mama yake, na mama yake alitazama bango la kukodisha magari. "Ili ufike, mjomba," Sabra akasema. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomchoma.

"Usimlaumu mtoto," Mosi akaingilia. "Mimi ndiye nilimwelekeza. Nyumbani tunafanya hivyo siku zote."

"Siku zote, tangu lini?"

Mosi ni mkubwa wake kwa miaka sita na hajawahi kumwogopa. Akamhesabia pale pale, mbele ya watu wanaosubiri wageni wao. Jando la Yusuph, mwanawe wa kumzaa mwenyewe, Maimuna alimtajia asubuhi wakati ngariba alikuwa anakuja mchana. Arobaini ya mama yao. Vikao vyote vya ukoo. Salum akainua kidole.

"Maziko ya shemeji je," akasema. "Pale hakuna aliyeniambia uongo. Pale nilifika jeneza linanyanyuliwa."

"Wewe uliambiwa adhuhuri," dada yake akasema. "Watu wengine wote waliambiwa alasiri."

Salum akakaa kwenye ukingo wa toroli la mtu. Mwenye toroli, mzee wa Kituruki, alikuja, akamwona uso, akaenda kutafuta jingine. Sabra alichuchumaa mbele yake akamfuta vumbi kwenye goti la suruali, vumbi ambalo sidhani lilikuwepo, na kumwambia kwamba hakuna aliyekasirika, hakuna aliyewahi kukasirika, walikuwa wanamtaka tu awepo. Salum alisema anajua. Kisha akamuuliza Jumapili yenyewe ni saa ngapi.

"Saa nane mchana, mjomba."

Akamgeukia Mosi. Mosi akasema saa nane. Walisema kwa pamoja mno, na kwa nyuso zilizotulia.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mosi mwenyewe. Ijumaa yote na Jumamosi yote, Salum aliuliza harusi ni lini. Alimuuliza mchumba mwenyewe kwa ishara za vidole. Alimuuliza mlinzi wa jengo walilofikia, akaonyeshwa na ukumbi ulipo. Usiku wa kuamkia Jumapili, Mosi anadhani hakulala, na alfajiri alipoamka kuswali alikuta kitanda cha mdogo wake kimetandikwa na kanzu haipo kwenye msumari. Walihangaika. Walipiga simu, ikalia palepale chini ya mto. Sabra, siku yake ya harusi, hina imekolea mpaka viwiko, alianza kuomboleza kwamba mjomba amepotea Uturuki.

Mwenye ukumbi ndiye aliyewapigia. Alisema kuna mzee Mwafrika aliyemkuta mlangoni alipokuja kufungua asubuhi, haongei lugha yoyote, na hataki kuondoka.

Walimkuta ameketi kiti cha mbele kabisa katika ukumbi mtupu, kanzu, koti na kofia, mikono juu ya magoti, wafagiaji wakimzunguka. Sabra akamwendea, akapiga magoti, akasema shikamoo. Salum hakuitikia kwanza. Aliuliza kama kweli ni leo.