Namba ya Chaki

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, jua lilikuwa likifika kwenye kamba zetu za nguo saa moja na nusu asubuhi. Siku hizi linafika karibu saa tano. Mimi na nyanya yangu ni madobi. Namwita Kukhu, kama watu wa kwao magharibi wanavyomwita nyanya. Yeye anafua, mimi napiga pasi ya makaa. Ndiyo maana mabadiliko ya mtaa wetu nayajua kwa jua kwanza, kabla ya kuyajua kwa kitu kingine.

Gorofa ya kwanza iliota ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na uwanja wa mpira wenye goli moja. Tulihesabu orofa zake kila jioni, tukishangilia kama watoto wajinga. Ilipofika ya tano, kivuli chake kikalala mlangoni petu. Kukhu akahamisha kamba nyuma ya nyumba, karibu na choo. Miaka mitatu baadaye gorofa nyingine ikaota huko nyuma pia.

Na ndani ya mtaa watu walikuwa wakiongezeka. Nyumba zetu ni za zamani, za mawe, zimepangwa kwa laini, na zilijengwa na jiji kwa ajili ya wafanyakazi walioajiriwa mjini. Kila nyumba ikazaa vibanda vya mabati ubavuni. Ua wa michongoma ukakatwa. Njia tuliyokuwa tukikimbizia tairi ikawa nyembamba hata mtu mwenye beseni la nguo lazima apite kiubavu. Wenzangu wa shule walihamia Kayole, wengine wakaenda mashambani. Mimi nilimaliza darasa la nane, nikabaki na pasi. Mimi si mtu wa maneno. Mteja akinisalimia, nusu ya jibu hubaki kooni.

Kadi ya upangaji wa nyumba yetu iliandikwa kwa jina la babu, na babu alikufa nikiwa mdogo. Kukhu hakuwahi kwenda kubadilisha jina. Aliogopa kwamba watu wa jiji wakijua mwenye kadi amekufa, watatutoa. Kwa hiyo alinifundisha jambo moja, mapema kuliko alivyonifundisha kupiga pasi. Mtu mwenye faili akibisha, sema wenyewe hawako, wewe ni mgeni tu. "Mgeni haulizwi kitu," alisema.

Hatukuwa peke yetu. Nyumba nyingi za laini yetu zilikuwa na mambo kama hayo: huyu amepangisha chumba, yule amerithi kwa shangazi. Mtu mwenye faili akitokea, laini nzima ilikuwa ya wageni. Watu walikuwa na mzaha kwamba mwenyeji wa pekee hapa ni paka.

Mwaka jana habari zikaenea kwamba nyumba zetu zitabomolewa, zijengwe gorofa, na waliokuwa wakiishi hapa wapewe nafasi huko juu. Sikuamini. Habari kama hizo nimezisikia tangu nikiwa na kaptula. Jumamosi moja kukawa na baraza nje ya ukumbi wa mtaa. Kukhu alikuwa amesafiri kwenda kumzika dada yake, na mimi sikwenda. Barazani kuna watu wengi, na mtu anaweza kugeuka akuulize unaonaje.

Jumanne iliyofuata nilisikia mlango ukigongwa kwa kitu kigumu. Wateja wetu hawagongi, huita. Nikafungua. Alikuwa mama mmoja mwenye faili kifuani, na mwanamume mwenye mkebe wa rangi nyekundu na brashi.

"Mwenye nyumba yuko?"

"Hayuko."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mgeni tu."

"Ulikuja lini?"

"Juzi."

Akachungulia nyuma yangu, akaona pasi ikitoa moshi na mlima wa mashati. "Mgeni gani huyu anafanyishwa kazi hivi?" Akacheka kidogo, akaandika. Mwenye brashi alikuwa ameshaiinua. Akairudisha mkebeni, wakapita.

Nilifunga mlango nikiwa na furaha. Nilijiona nimeilinda nyumba, peke yangu, Kukhu akiwa mbali.

Halafu jirani yetu akaniita. Ni mama fundi wa nguo, mtu wa Murang'a, na cherehani yake iko mlangoni kwake siku zote. "Wewe! Mbona mlango wenu hauna namba?"

"Nimewaambia mimi ni mgeni."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Ngai, Mungu wangu! Kijana, si wale wa kutoa watu! Hawa ni wa nyumba mpya. Si tuliambiwa kwa baraza? Asiye na namba hana nyumba. Kimbia, bado wako hapo kona!"

Nilikimbia. Niliwaona, kweli, wamezungukwa na watu, kila mtu akisema mlango wake haukuandikwa vizuri. Nilisimama hatua kama kumi hivi kutoka kwao. Ningelazimika kusukuma watu, kuinua sauti, na kusema mbele yao wote kwamba nimedanganya. Nilisimama mpaka wakamaliza, wakaingia kwenye gari lao. Nikarudi nyumbani. Shati lililokuwa mezani lilikuwa limeungua kola.

Kukhu aliporudi aliutazama mlango kabla hajanitazama mimi. Milango yote ya laini ilikuwa na namba nyekundu isipokuwa wetu.

"Hapa hawakufika?" aliuliza.

"Hawakufika."

Ijumaa, baada ya majirani kumweleza kwamba hata wenye kadi za marehemu wanasikizwa, akavaa nguo za kanisani, akachukua kadi ya babu iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, tukaenda kwenye ukumbi wa mtaa, ambako malalamiko yalikuwa yakisikizwa. Foleni ilitoka mpaka nje. Mama fundi alikuwa nyuma yetu, maana jina lake lilikuwa limekosewa. Alinitazama, kisha akamsalimia Kukhu.

Mwanamume mwenye miwani alitafuta nyumba yetu kwenye daftari lake. "Mama, hapa imeandikwa wenyeji hawapo. Kuna mgeni mmoja, kijana, aliyefika juzi."

"Hiyo ni nyumba ya mtu mwingine," Kukhu akasema. "Kwangu hamkufika. Mjukuu wangu huyu hatoki ndani. Yeye mwenyewe ameniambia, na hanidanganyi."

Akaweka mkono wake begani mwangu. Mkono huo una mikunjo ya sabuni ya miaka mingi.

"Kukhu," nikasema, "huyo mgeni ni mimi."

"Sema tena," yule wa miwani akasema. "Sijasikia."

"Mgeni ni mimi. Walifika. Nilisema mimi ni mgeni."

Foleni ikaangua kicheko. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Muacheni! Laini yao wote ni wageni, mwenyeji ni paka!" Wakacheka zaidi, na hata yule wa miwani akafunika mdomo. Kukhu hakucheka. Aliutoa mkono begani mwangu, akakaza leso yake.

"Nani alikufundisha kusema hivyo?" yule bwana akaniuliza.

Kukhu akajibu, "Mimi."

Nilipewa karatasi niandike nilichosema na kwa nini. Mimi naandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepiga pasi kola.

"Kijana, unaandika Biblia?" mmoja akalalamika. "Sisi tutalala hapa?"

Niliandika mistari sita. Ikatakiwa jirani wa kushuhudia kwamba tunaishi pale, na mama fundi akatia sahihi kabla hajaombwa. "Huyu ndiye amenipigia pasi sare za watoto wangu mpaka wamemaliza shule," alisema. "Mgeni wa wapi!"

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye kona ile niliyosimama, Kukhu akasema bila kugeuka, "Uongo wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wako." Hajalisema tena neno hilo tangu siku hiyo.

Baada ya siku nyingi yule mama mwenye faili alirudi. Nilimfungulia kabla hajagonga. Alisema rangi imekwisha, wataileta, akaandika namba yetu mlangoni kwa chaki nyeupe: arobaini na saba.

Rangi bado haijaletwa. Upande wa chini wa mtaa tingatinga limeanza kazi, na vumbi lake linarudi kwenye nguo tulizokwisha kufua. Masika nayo yameingia. Nimepigilia karatasi ya nailoni mlangoni, juu ya namba. Mteja akitaka kuegemea, mimi nisiyeweza kusalimia watu namwambia, "Tafadhali, hapo usiguse." Kila asubuhi naangalia namba kabla ya kuwasha makaa. Nne bado inasomeka. Saba imeanza kufanana na moja.

Kukhu ananiambia niipitie kwa chaki nyingine, nani atajua? Lakini mwandiko wangu uko kwenye faili yao, mistari sita, na wangeutambua. Chaki ninayo. Iko kwenye kabati, kando ya kadi ya babu, na sijaigusa.